Kantonye Aliyeshuka Mlima Kinyumenyume

Kupanda mlima aliweza. Kushuka ndiko kulikomshinda, kwa hiyo alishuka kinyumenyume. Aligeuka akalipa bonde mgongo, akashika fimbo kwa mikono miwili, akatanguliza mguu wa kulia, wa kushoto ukafuata, uso wake ukiutazama mlima alikotoka. Wageni waliokutana naye kwenye njia ya Muheto walidhani amesahau kitu nyumbani. Watoto wetu walicheka. Yeye aliwajibu, "Mucheke tu. Mimi ninaangalia nani ananifuata."

Sisi majirani tulimwita Kantonye, kwa sababu ya kazi yake ya zamani ya kutengeneza barabara ya kuteremkia Walikale. Jina la ubatizo alikuwa nalo, lakini hata mkewe, alipokuwa hai, hakulitumia. Nilikaa jirani naye kwa miaka mingi. Sisi tulifuga ng'ombe upande wa juu, yeye alilima maharagwe na mahindi upande wa chini, na kijito kilikuwa katikati. Mimi ndiye niliyempelekea siagi ya kupaka magotini, naye akanijazia kikapu maharagwe. Nimeanza kumfikiria sana tangu magoti yangu mwenyewe yaanze ujeuri. Siku hizi nikitaka kuinuka lazima kwanza nishauriane nayo.

Goti lake la kulia, ambalo ndilo lilikuwa bovu zaidi, alilipa jina. Aliliita Kapita. Nikimpitishia maziwa asubuhi nilimkuta ameketi kitandani, miguu imening'inia, hajathubutu kukanyaga chini. "Papa, umelalaje?" namuuliza. "Mimi nililala. Kapita njo hakulala." Kisha analipiga goti kofi, analitukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa, na baada ya hapo ndipo anajaribu kusimama. Kilikuwa kitu cha kuchekesha mara ya kwanza. Mara ya mia hakikuchekesha tena, maana nilikuwa nimekwisha kujua kwamba hatanii.

Kisa chenyewe alinisimulia mara nyingi na hakukibadilisha. Ilikuwa miaka ya vita vya wazungu, wakati wanaume walipochukuliwa kwa nguvu kwenda barabarani. Msimamizi wao alikuwa mtu wa kwetu kabisa, wa milima hii hii, na cheo chake cha kapita ndicho kilichobaki kuwa jina lake. Kapita alikuwa na tumbo. Wengine wote walikuwa mbavu tupu, yeye alikuwa na tumbo, na siku moja Kantonye, ambaye mdomo wake haukuwa na kifuniko, akawauliza wenzake kwa sauti kama Kapita atazaa mvulana au msichana. Watu walicheka hadi wakaacha sururu chini. Kapita alimwaga kokoto mpya juani, akampigisha magoti juu yake, akamtwika kikapu cha mawe kichwani, akamwacha hapo kutwa. Kesho yake tena. Kesho kutwa tena. Alipomwachilia, mwenzake mmoja alimtoa vipande vya mawe nyamani kwa ncha ya kisu.

"Na muzungu hakukuwa pale," alikuwa akiniambia, na hapo alininyoshea kidole kana kwamba mimi ndiye nimembishia. "Usikie muzuri, Mama. Muzungu alikuwa kule mbele, mbali. Hakuna mutu alimutuma. Ilitoka mu kichwa yake mwenyewe."

Sitaki kumfanya mtakatifu. Mwenyewe alikubali kwamba yeye ndiye aliyeanza. "Nilimucheka, ni kweli. Angelinipiga kofi, ningelisahau. Fimbo pia ningelisahau. Lakini aliniaribia kutembea. Na kila asubui ananiaribia tena." Mume wangu, ambaye hapendi magomvi, alizoea kusema mambo hayo ni ya zamani. Nilimwambia ni ya zamani kwa mwenye magoti mazima. Akaenda kukamua.

Mtu akisikia hivi atadhani Kantonye alikuwa mzee mkali asiyependwa. Wapi! Hakuna aliyekuwa mwepesi wa moyo kumpita. Ndama wetu alipokufa alikuja kunipa pole, na machozi yakamtoka mbele yangu, ng'ombe si wake wala hakuwahi kufuga. Mtu akimkanyagia maharagwe yake alimwomba tu apite pembeni siku nyingine. Mkwewe mmoja alimtukana hadharani, na juma lililofuata wakawa wanakunywa kwa mrija mmoja. Alisamehe watu wote, akamwacha mmoja. Huyo mmoja alimtunza vizuri, akamlisha kila siku, asije akakonda.

Alipenda pia kuchekesha, hasa juu ya dawa. Alizijaribu zote. Alichanjwa kwa wembe pande zote za magoti, akasuguliwa majivu, akabaki na alama na maumivu yake. Alijichapa kwa majani yale yanayowasha, akasema angalau sasa anaumwa kwa nje pia. Jiwe la moto lililofungwa katika jani la mgomba lilimsaidia hadi lilipopoa. Siagi yangu ilimsaidia, au alisema hivyo kwa sababu nilikuwa nimesimama pale. Aliwahi kufika hadi kwa mganga mmoja kule Buleusa, safari ya siku nyingi kwa mtu wa magoti, akarudi na mafuta ya nyoka yaliyonuka hadi mbuzi wake wakahama zizi. Kwenye dispansari mwuguzi alimpa dawa ya kupaka, akamshauri kwa upole asipande milima. Kantonye aliirudia hiyo kwa miezi. "Asipande milima! Sasa mimi nitakaa wapi? Hewani?"

Kuhusu mvua hakukosea. Goti likivuta kwa ndani, mvua ya usiku. Likichoma kwa juu, ukungu. Wanawake wa upande wetu tulikuwa tukiwatuma watoto wamuulize kabla ya kuanika mtama. Na yeye, badala ya kujibu tu, aliwatuma waje waseme, "Kapita anasema musianike." Hivyo jina la adui yake likawa linatajwa katika nyumba zote za kilima, kila siku, na kila mtu aliyelitaja alijua kwa nini. Niliona baadaye kwamba hilo nalo lilikuwa kisasi. Alitufanya sote tukumbuke.

Kanisani alikaa nyuma, juu ya gogo. Watu wote wakipiga magoti, yeye alibaki ameketi, wima, mikono juu ya fimbo. Mkatekista alimwita pembeni akamwambia hata ainamishe kichwa kidogo, kwa mfano mwema. Kantonye akamwambia, "Mungu ananijua. Magoti yote ya maisha yangu nilishapiga. Amuulize Kapita, yeye njo aliyapokea." Tukisali Baba Yetu, alisali kwa sauti kubwa kuliko wote hadi pale panaposema juu ya kusamehe. Hapo alifunga mdomo. Sisi tukiisha kupavuka, alidakia tena na kuendelea nasi mpaka amina. Nilikaa karibu naye Jumapili nyingi na sikumwona hata siku moja akiteleza.

Naye Kapita? Kapita alistaafu vizuri. Alirudi na baiskeli, akajenga nyumba ya mabati kule kijijini Kibabi, akawa mkristo wa mbele. Wajane aliwapa mbegu. Watoto walimpenda. Nilimuuzia maziwa, na lazima niseme kwamba alinisalimu vizuri kila mara na kuniulizia ng'ombe. Lakini kwenye kasiksi, pombe ya ndizi ikishampanda, alikuwa na kisa chake cha kuchekesha watu. "Yule Kantonye wa Muheto," anasema, "munamuona vile? Mimi njo nilimufundisha kusali." Na watu wanacheka. Nilikuwapo mara moja, nimesimama mlangoni na chombo changu cha maziwa, nikawaona wanaume niliowaheshimu wakicheka hadi kujifuta macho. Siku hiyo nilimchukia mimi pia. Kumpiga mtu ni jambo moja. Kumfanya kichekesho miaka yote hiyo baadaye, umeshiba, umeketi, ni jambo jingine, na kwangu lilikuwa baya zaidi.

Kantonye aliletewa maneno hayo. Alipasua kuni mchana kutwa, kuni ambazo hakuzihitaji. Jioni aliniambia, "Ninaomba kintu kimoja tu mbele ya kufa. Nimuone chini. Mbele ya batu. Hata dakika moja, inatosha."

Sasa, alikuwa na binti yake wa mwisho, Veronika, aliyemlea peke yake tangu mama yake alipofariki. Alimpenda hadi kumharibu. Na Veronika, kati ya vijana wote wa Masisi, akampenda mtoto wa Kapita. Walionana sokoni, wakaonana tena, na siku moja msemaji wa posa akaja kubisha hodi kwa Kantonye. Alimfukuza kabla hajakaa. Msemaji akaja mara ya pili, akamfukuza tena, na safari hiyo alimrushia fimbo na kubaki bila kitu cha kusimamia. Veronika hakulia mbele yake. Alikuja kulia kwangu, juu ya magunia, akisema atazeeka katika nyumba ile akimpaka baba yake siagi. Nilimwonea huruma. Lakini nilimwelewa baba yake pia, na sikumwambia binti neno lolote la kumlainisha.

Kisha nikaleta habari. Nilitoka Kibabi na vyombo vitupu, nikapita kwa Kantonye, nikamwambia Kapita hakutoka kunipokea. Magoti yamemkamata. Mzee alikuwa anamenya mahindi. Aliacha.

"Goti gani?"

"Yote mawili, Papa."

"Anasimama namna gani?"

"Mke wake anamuvuta mikono. Peke yake hawezi."

Aliniuliza tena na tena, polepole: kama anavimba, kama asubuhi ni mbaya kuliko jioni, kama njia ya kushuka inamtesa. Nilimjibu nilichokiona. Uso wake ulikuwa unang'aa. Alimchinja jogoo siku hiyo, akanipa paja. Na alipomaliza kula alimwambia binti yake, "Waambie bakuje."

Veronika alidhani baba yake amesamehe. Aliimba juma zima. Mimi sikudhani hivyo, kwa sababu nilimwona mzee akitoa nyundo, akiketi juu ya gunia, akivunja mawe. Alivunja kwa majuma, vipande vidogo vyenye makali. Akisumbuliwa na maswali alisema ni kwa ajili ya matope, wageni wasiteleze. Lakini matope yalikuwa ua mzima, na kokoto aliimwaga sehemu moja tu, mbele ya mahali wageni wanapoketishwa. Mwishoni alikuja kwangu akaniomba kigoda, kile kifupi cha jikoni, ambacho ukikikalia magoti yanafika kidevuni. "Iko cha nini, Papa?" "Cha kumukalisha mugeni." Nilimtazama, akanitazama. Nilimpa, na sijutii.

Lazima nieleze jinsi tunavyoomba binti. Msemaji anaweza kuzungusha maneno asubuhi nzima, lakini neno lenyewe hutoka kinywani mwa baba wa mvulana, na baba huyo hulisema amesimama, kofia mkononi. Akilisema ameketi, ni kama hakusema. Na anapoondoka kitini ili aseme, binti hutoka ndani na kibuyu, anapiga magoti mbele yake, anampa anywe kwanza. Binti haondoki magotini mpaka kibuyu kirudi kitupu. Ndivyo tulivyofanyiwa sote.

Siku ilipofika walikuja watu wengi, mbuzi wawili na pombe. Kapita alipanda kilima chetu ameshikwa huku na huku. Kantonye alimkaribisha kwa maneno mazuri, akamwonyesha kigoda mbele ya watu wote. Kapita alikiona. Akaiona na kokoto. Kukataa kiti ulichopewa na wazazi wa binti ni kukataa binti, kwa hiyo alishushwa akakaa, na kila mtu akasikia magoti yake yakilia. Kantonye mwenyewe aliketi juu ya kiti kirefu, kile cha mkewe, akanyosha miguu. Sikuwahi kumwona ameketi kwa raha namna ile.

Msemaji alisema yake. Mbuzi walikubaliwa. Ikawa zamu ya baba wa mvulana. Vijana wawili wa Kibabi wakasogea kumwinua.

"Mumuache," alisema Kantonye. "Mwenye anaomba mutoto wangu anasimama mwenyewe."

"Papa, ni mugonjwa," msemaji alisema.

"Miye pia niko mugonjwa. Ninamungojea."

Mwenye magoti mabovu akikalishwa chini sana ana njia moja tu ya kuinuka peke yake, na mimi leo naijua vizuri. Hawezi kujisukuma kwenda juu. Lazima ateleze mbele, aangukie magoti, aweke viganja chini, ndipo aanze kujikusanya. Kapita alijaribu kwanza kwa njia nyingine. Alijaribu mara ya pili. Jasho lilimtoka. Kisha akateleza mbele, akaangukia kokoto kwa magoti yote mawili, na mlio aliotoa sikutegemea kuusikia kwa mtu mzima. Nilimtazama Kantonye. Alikuwa anatabasamu. Na mimi, nisidanganye, moyo wangu ulifurahi.

"Njo hivi ilikuwa?" Kapita aliuliza, akihema.

"Hapana. Miye nilikuwa na kikapu ya mawe ku kichwa."

Shangazi wa binti, aliyekuwa akichungulia kutoka ndani, aliona tu kwamba baba mkwe ameondoka kitini. Akamsukuma Veronika nje na kibuyu. Binti alikuja amevaa kitambaa kipya, macho chini kama alivyofundishwa, akafika mbele ya Kapita, akapiga magoti. Juu ya kokoto. Hapakuwa na mahali pengine.

Kantonye aliacha kutabasamu. Katika majuma yote yale ya kuvunja mawe alikuwa amefikiria kigoda, njia, jua, kila kitu, lakini hilo hakulifikiria. Mwanamume hahesabu magoti ya mwanamke. Sisi tunapiga magoti tangu asubuhi, mbele ya jiko, mbele ya mgeni, na hakuna anayeuliza yako juu ya nini.

"Kunywa, Kapita," alisema. "Kunywa upesi."

Kapita alimtazama yeye, akamtazama binti, akaelewa. Akapokea kibuyu. Akanywa kidogo, akakiweka juu ya paja, akapumua.

"Kasiksi yako iko muzuri," alisema. "Haiombi haraka."

Akanywa tena kidogo. Mapaja ya Veronika yalikuwa yanatetemeka chini ya kitambaa. Yule kijana wake alibaki amesimama kati ya watu wa Kibabi.

"Kapita," alisema Kantonye. "Tafazali."

Neno hilo hatukuwahi kulisikia kwake. Kapita alilisikia vizuri, akalila pamoja na funda jingine, bila haraka. Hapo ndipo Veronika alipoinua macho. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akanyosha mkono, akakitoa kibuyu mdomoni mwa baba mkwe wake. Akasimama bila kushikwa. Akaimwaga kasiksi yote iliyobaki juu ya kokoto, kati yao.

"Muoane nyinyi wawili," aliwaambia. "Munafikiriana kuliko bibi na bwana. Mimi munanitafutia nini katikati?"

Akaondoka kwa njia ya juu, vipande vya mawe vimemkwama magotini, hakujipangusa. Kijana alikaa kidogo bila kujua la kufanya, kisha akamfuata mbio. Walioana baadaye, mbali na huku, bila baba hata mmoja. Watu wa Kibabi waliona aibu, wakafungua mbuzi wao, wakaanza kutawanyika kwa minong'ono, na wale vijana wawili walikuwa wa kwanza kuteremka. Mimi nilibaki kwa sababu ya kigoda changu.

Basi wakabaki wawili uani, mmoja kitini, mmoja chini. Kapita alijaribu kujisukuma, mikono ikamlegea. Akanyosha mmoja mbele yake.

"Nipe mukono."

Kantonye hakutoa mkono. Alikivuta kiti chake karibu, karibu kabisa, akainama hadi nyuso zao zikakaribiana.

"Kwanza uniambie. Inauma wapi?"

Kapita aliurudisha mkono chini kwenye kokoto. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ku ndani. Chini ya goti, upande wa ndani. Inakuwa sawa moto."

Kantonye alifumba macho.

"Sema tena," alimwambia.